Siku moja katika Bonde Takatifu la Wainka: Pisac, Ollantaytambo na Chinchero

Kama unakwenda Peru na una siku moja tu ya kutoka nje ya Cusco, ichukue safari hii. Ila kabla hujalipa, muulize mwenye kampuni swali moja: Ollantaytambo tutakaa muda gani? Mimi sikuuliza.

Tuliondoka Cusco saa moja asubuhi, watu kumi na tisa kwenye basi la ukubwa wa kosta. Cusco iko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Nilikuwa nimeingia juzi yake kwa ndege, na hata ngazi za hoteli zilikuwa zinanikata pumzi. Wenyeji wanakupa chai ya majani ya koka, unakunywa, unatembea polepole. Uzuri ni kwamba njia inateremka: mji wa Pisac uko chini kidogo ya mita 3,000, na Ollantaytambo ni karibu 2,800. Kichwa kilianza kuniachia kabla hatujafika Pisac. Ndiyo maana naona inafaa kuanza na bonde hili, Machu Picchu, ule mji wa kale wa Wainka mlimani, ifuate.

Viingilio havimo kwenye nauli. Unanunua tiketi ya pamoja, boleto turístico. Nilichukua ile ya soli 70 (soli ni pesa ya Peru), ya siku mbili, inayokuingiza Pisac, Ollantaytambo, Chinchero na Moray. Ya soli 130 ni ya siku kumi na sehemu 16, inamfaa anayekaa wiki nzima.

Mimi nimekulia Marangu, Kilimanjaro, mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unapita nyuma ya mgomba wa bibi, kwa hiyo maji yanayopelekwa shambani kwa mkono wa mtu nayajua tangu utotoni. Pisac nilisimama nikakosa la kusema. Matuta yanashuka mlima mzima, yamejipinda kama mlima wenyewe ulivyojipinda. Mwongozaji alitueleza yalivyojengwa: chini mawe makubwa, juu yake kokoto, kisha mchanga, mwisho udongo wa kulimia, ili mvua ipenye badala ya kubomoa ukuta. Mawe ya ukuta nayo hushika joto la mchana na kuliachia usiku, jalidi isiunguze mimea. Ng'ambo ya korongo kuna jabali lenye matundu mengi, ambayo yalikuwa makaburi. Yalifukuliwa na kuibwa zamani.

Kisha tukapelekwa duka la vito vya fedha, dakika arobaini. Hakuna aliyeliomba. Chakula cha mchana kilikuwa Urubamba, supu nzuri ya kwinoa, nafaka ya huko, lakini tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Na Ollantaytambo? Dakika hamsini.

Hilo limeniuma, maana Ollantaytambo ndiyo roho ya safari hii. Unapanda ngazi ndefu katikati ya matuta, na kule juu yanakusubiri mawe sita ya rangi ya waridi, kila moja limepita kimo cha mtu mara mbili, yamesimamishwa bega kwa bega. Kati ya jiwe na jiwe kuna kipande chembamba cha jiwe kilichochomekwa, kimekaa sawasawa, wembe hauingii. Machimbo yake yako Kachiqhata, kwenye mlima wa ng'ambo ya mto Urubamba. Waliyateremsha kutoka mlima ule, wakayavusha mto, wakayapandisha huku, nao hawakuwa na chuma wala gurudumu. Njiani yamebaki mengine ambayo hayakufika. Wenyeji huyaita mawe yaliyochoka.

Hapa ndipo Manco Inca, mfalme wa Wainka, alipowashinda Wahispania wa Hernando Pizarro mwaka 1537. Aliyafungulia maji ya mifereji yakafurika uwandani, farasi wakazama kwenye tope. Nilitamani kukaa pale juu niutazame uwanda ule kwa utulivu, lakini tulishaanza kuitwa. Kijiji chini, ambacho bado kinakaliwa kwenye mitaa ya Wainka na maji yakitiririka kando ya njia, nilikiona nikiwa mbio. Mlima wa Pinkuylluna, wenye maghala ya nafaka yaliyojengwa pale upepo unapopita, niliuona kwa mbali tu.

Nusu ya wenzetu walishukia hapo kupanda treni ya Machu Picchu. Kama nawe unafanya hivyo, jua kwamba Chinchero itakupita.

Sisi tuliobaki tukapanda tena hadi karibu mita 3,760, baridi ya jioni imeshaanza. Njiani niliona nyumba zilizotundika mfuko mwekundu kwenye mti mrefu, alama kwamba ndani chicha iko tayari. Ni pombe ya kimea cha mahindi, na kabla ya kunywa humwagwa kidogo chini kwa ajili ya Pachamama, mama ardhi. Nilimkumbuka babu na kata yake ya mbege.

Chinchero akina mama walitupokea uani kwao. Mmoja alikwangua mzizi, akauchanganya na maji, povu likajaa, sufu chafu ya alpaka, mnyama wa huko anayefugwa kwa sufu, ikatoka nyeupe. Kisha akachukua kipande cha dungusi kakati chenye wadudu weupe kama vumbi la unga, akamweka mmoja kiganjani mwangu na kumbinya kwa kidole. Damu ya mzee kabisa, nyekundu iliyoiva. Akadondosha limau, ikageuka rangi ya chungwa palepale. Kitanda chake cha kufumia ni vijiti na kamba: upande mmoja umefungwa nguzoni, upande mwingine kiunoni mwake, na akijiegemeza nyuma nyuzi zinakazika.

Ndiyo, mwisho wanauza. Nilinunua shali kwa aliyenionyesha kazi, bila kuvutana bei sana, kwa sababu nilikuwa nimeona inachukua nini. Nilimwambia sulpayki, asante ya Kikechua, lugha ya wenyeji, akacheka, akanirekebisha matamshi.

Nikirudi nitalala Ollantaytambo usiku mmoja, nipande kwenye yale mawe sita asubuhi na mapema kabla mabasi hayajafika. Shali nimeifua mara mbili kwa maji baridi. Wekundu wake haujatoka hata tone.