TL-SG108: swichi ya mtandao niliyoifunga studio

Nahariri video za harusi, hapa Morogoro. Ruta yangu ina matundu manne tu ya waya, na yote yalikuwa yamejaa: kompyuta tatu na diski ya pamoja tunakohifadhia kazi. Nilipompata mhariri wa nne, ikabidi ninunue swichi, yaani kisanduku cha kuongeza matundu ya waya wa mtandao.

Dukani nilikuta mbili za TP-Link, zote za matundu manane. TL-SF1008D ni ya plastiki, bei yake ya chini, na kasi yake inaishia megabiti 100 kwa sekunde. TL-SG108 ni ya chuma na inafika 1000. Muuzaji alinishauri nichukue ya plastiki kwa kuwa intaneti yangu yenyewe ni ya megabiti 20. Kwa mtu wa kuperuzi tu, ushauri huo ni sawa. Ila mafaili yangu makubwa hayaendi intaneti, yanatoka kompyuta kwenda diski, humohumo ndani. Harusi moja hufika gigabaiti 60. Kwa kasi ya 100 hiyo ni saa moja na nusu ya kusubiri, kwa 1000 ni kama dakika kumi. Nikachukua ya chuma.

Kuifunga hakuna kazi, unachomeka tu. Haina feni, kwa hiyo haipigi kelele tukirekodi sauti. Diski nayo niliihamishia kwenye swichi, maana matundu ya ruta yangu ni ya 100. Ningeiacha kule nisingepata faida yoyote.

Kilichonitesa ni waya. Kompyuta ya dirishani iligoma kuvuka 100, nikataka kurudisha swichi dukani. Fundi akakagua kichwa cha waya, akaniambia, "Dada, swichi haina kosa. Humu zimebanwa nyuzi nne tu." Kasi ya 100 inatosheka na nne, ya 1000 inataka zote nane. Aliyetandaza waya mwanzoni alikuwa amezikata zilizobaki! Fundi akabana vichwa vipya pande zote mbili, kompyuta ikasoma 1000 palepale.

Kwa kamera za ulinzi zinazopokea umeme kupitia waya wa mtandao, tafuta swichi nyingine, hii haipitishi umeme. Na adapta yake ichomeke kwenye UPS, ile betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika. Mimi niliweka ruta, diski na kompyuta, swichi nikaisahau; umeme ukakatika katikati ya kuhamisha harusi ya Jumamosi, tukaanza upya.