Uzoefu Wangu na GIMP katika Kuandaa Picha za Kuchongwa kwa Leza

Kwa miaka miwili sasa nachonga picha kwa leza katika chumba kidogo nilichokodi Majengo, hapa Mombasa, na kila picha huipitisha kwanza katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Mashine yangu ni ya leza ya dayodi, haijui rangi. Inachojua ni kuunguza mbao au kuiacha, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi humalizika kwenye kompyuta kabla ubao haujawekwa mezani.

Hilo nililifahamu kwa hasara. Bibi mmoja wa Kisauni aliniletea picha ya marehemu mumewe, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya vito, ile iliyoshonwa kwa vitundu vidogo, akitaka ichongwe kwenye plaiwudi kwa upana wa sentimita 20. Niliondoa rangi kwa amri ya kawaida, nikazidisha tofauti ya weusi na weupe, nikachoma. Uso ukatoka mweusi tititi, macho hayaonekani, na vitundu vya kofia vyote vimepotelea katika weupe. Bibi aliutazama ule ubao kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, kanzu ni yake, lakini aliyeivaa simjui." Nilitaka kumrudishia pesa zake, akakataa kuzipokea mpaka nijaribu tena.

Kosa lilikuwa langu. Amri ile hupima mwangaza kama jicho linavyouona, yaani kijani hupewa uzito mkubwa kuliko nyekundu na buluu, ilhali ngozi zetu, iwe nyeusi au ya maji ya kunde, huakisi nyekundu zaidi. Kwa kipimo hicho nyuso hutiwa giza bure. Siku hizi natumia kichanganyio cha rangi ambacho huanza na theluthi moja kwa kila rangi, nami huweka nyekundu 0.8, kijani 0.2 na buluu sifuri, kwani buluu ndiyo yenye chembechembe nyingi katika picha za simu. Baada ya hapo hupindisha mstari wa mwangaza, yaani mchoro unaoamua kila kijivu kiwe cheupe au cheusi kiasi gani, nikiinua kidogo sehemu ya kati ili mashavu yapate umbo, na kuishusha kidogo ncha ya weupe ili vito vya kofia virudi. Kichujio cha kunoa kingo hukiweka mwisho, tena kwa nguvu kuliko ambavyo macho yangependa kwenye kioo cha kompyuta, kwa sababu moto hulainisha kila kitu.

Vipimo navyo vina adabu yake. Mistari yangu ya leza huachana kwa milimita 0.1, yaani nukta 254 kwa inchi, hivyo ubao wa sentimita 20 unahitaji pikseli 2000 kamili. Ukishageuza kijivu kuwa vitone vyeusi na vyeupe kwa njia ya Floyd na Steinberg, ambayo GIMP inayo, usiikuze wala kuipunguza picha tena, la sivyo utachonga mawimbi.

Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, limenipunguzia kazi sana, maana sasa naweza kurudi na kurekebisha kichujio nilichokiweka mwanzo bila kufuta vilivyofuata. Ninalolilalamikia ni kwamba programu hii haikuonyeshi mbao itakavyoungua: kijivu kinachopendeza kwenye kioo hutoka vizuri kwenye plaiwudi nyeupe, lakini kikazama kabisa kwenye mvule, ambao wenyewe tayari ni wa kahawia. Kwa hiyo ni lazima nijaribu kwanza kipande cha jicho na pua, na majaribio hayo nayafanya mgongoni mwa ubao ule wa kwanza, ambao bibi hakuuchukua.