Waridi la Kiingereza lenye harufu, hapa Mikindani, Mtwara: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu

Kilichonisukuma ni harufu. Huku kwetu waridi tunalijua zaidi ndani ya mrashi, tukiwanyunyizia wageni kwenye maulidi na harusi. Mti wenyewe ukiukuta uani kwa mtu, maua yanapendeza macho tu. Ukiyanusa hupati kitu. Nikaja kusoma habari za David Austin wa Uingereza, aliyechanganya mawaridi ya kizamani yenye harufu na ya kisasa yanayochanua mara kwa mara. La kwanza, Constance Spry, alilitoa mwaka 1961. Hilo msihangaike nalo, huchanua msimu mmoja tu kwa mwaka na joto letu halilifai. Nililolitaka mimi ni Gertrude Jekyll la mwaka 1986, pinki iliyokolea, ambalo mzazi wake mmoja ni Comte de Chambord, waridi la kizamani. Harufu yake ya asili inatoka huko.

Niliagiza miche mitatu Arusha, shilingi 25,000 kila mmoja: Gertrude Jekyll miwili na Graham Thomas mmoja, lile la njano. Ilikuja kwa basi mwezi wa tano, udongo umelowa chapachapa na mizizi imebanwa ndani ya nailoni. Mmoja ulikwisha kuoza. Muuzaji akaniambia nimeumwagia maji mimi. Ule wa Graham Thomas ulipochanua ukatoa maua mekundu yasiyo na harufu yoyote. Kwa huduma hiyo simshauri mtu, na bado inaniuma.

Lakini ule mmoja uliobaki, jamani! Ulichanua mwezi wa nane. Nilikuwa nimemaliza kuswali alfajiri, nafungua mlango wa jikoni, harufu ikanikuta hapo hapo mlangoni. Ni ile ile ya mrashi, ila mbichi, ina uhai wa majani ndani yake. Mama mkwe alilichambua ua petali kwa petali, akazifunga pamoja na asumini na rehani, akapata kikuba ambacho mpaka leo majirani wanakiulizia. Mjue tu kwamba harufu ni ya asubuhi. Ikifika saa nne na jua limewaka, imekwisha ruka. Wakati wa kusi ua linakaa siku nne. Kaskazi likiingia, siku mbili petali ziko chini, na ua lenyewe linakuwa dogo.

Nimeupanda kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, kwa sababu mchanga wa hapa haushiki maji wala mbolea. Udongo mwekundu, samadi iliyooza vizuri, jua la asubuhi, kivuli cha mwembe mchana. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Wiki tatu tu kingo za majani ziliungua. Sasa naupatia ya bomba au ya mvua niliyokinga.

Kwenye kuzalisha ndiko nilikojifunza zaidi. Mwezi wa kumi na moja nilikata vipandikizi kumi, vyote vikawa vyeusi kwa joto. Mwezi wa saba uliofuata, kusi likivuma, nikarudia kwa vipandikizi kumi na viwili, vikashika saba. Chukua tawi lililokwisha kutoa ua, unene wa penseli, urefu kama sentimita 15, lenye macho manne. Kata chini ya jicho kabisa kwa wembe mkali, acha majani mawili ya juu. Mchanga uwe wa mtoni, wa pwani una chumvi, uchanganye na makumbi ya nazi yaliyosuuzwa mara tatu. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini, usichokoechokoe. Baada ya wiki tano nilivuta taratibu, nikasikia kimeshika. Nilifurahi kama mtoto! Uzuri wake mche wa namna hii unasimama kwa mizizi yake mwenyewe. Ule uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la waridi jingine, hutoa machipukizi ya shina hilo la chini, na usipoyakata yanaumeza.

Majani yalipopata unga mweupe nilidhani mwisho umefika. Mjomba wangu mkulima wa korosho akaangalia mara moja akasema, "Huu si ubwiriunga?" Akanipa salfa kidogo, ile ile ya mikorosho. Nilipuliza alfajiri majani yakiwa na umande, uso nimeufunga vizuri. Ikatulia. Mchana wa joto kali usithubutu, salfa inaunguza majani.

Muuzaji nampa nyota moja, waridi lenyewe nyota nne. Nyota ya tano naingoja Newala, huko juu kwenye ubaridi, ambako mche mmoja kati ya saba uko kwa wifi yangu. Juzi amenipigia, una matumba matatu.