Miezi saba na miwani ya FL-41: kipandauso, Asperger na kipochi kinachonuka gundi

Nianze na harufu, maana ndiyo iliyonipokea. Kipochi cha miwani hii kinanuka gundi. Dada yangu alikinusa mara tatu akaapa hasikii kitu. Mimi niliiweka miwani dirishani siku tisa ipigwe na upepo, kipochi nikakitupia stoo, na huko ndiko kiliko hadi leo. Kwa hiyo kati ya nyota tano, nusu iliondoka kabla sijaivaa.

Lenzi zake ni zile ziitwazo FL-41. Zina rangi ya waridi inayoelekea kwenye kutu. Usizichanganye na miwani ya jua, wala na ile miwani ya "kuzuia mwanga wa buluu" ambayo nyingi yake ukiiangalia ni kioo cheupe tu na huchuja kidogo mno. FL-41 hupunguza mwanga wa buluu na wa kijani kwenye eneo la nanomita 480 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), ambalo ndilo linaloziamsha zaidi seli fulani za retina, lile pazia la nyuma ya jicho, zenye melanopsini, protini inayohisi mwanga. Seli hizo kazi yake kubwa si kuona sura za vitu. Zinaupa ubongo habari kwamba kuna mwanga, na ni mwingi kiasi gani. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walieleza habari za vipofu wenye kipandauso. Wale ambao macho yao yalitambua mwanga ingawa hayaoni sura, mwanga uliwazidishia maumivu. Wale walioondolewa macho, au ambao mshipa wa fahamu wa jicho ulikuwa umeharibika, haukuwafanya lolote. Niliposoma hayo nilimpelekea dada yangu ujumbe saa saba usiku: "Unaona? Si kudeka."

Kipandauso ninacho tangu nikiwa na miaka 11. Asperger nilikuja kuambiwa nikiwa na 33, na kwenye karatasi zangu imeandikwa usonji, kwa sababu mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliondoa jina la Asperger kama utambuzi wa peke yake mwaka 2013. Mimi nalitumia bado. Ndilo jina nililojifahamia kwalo, na nikishazoea kitu sibadilishi.

Je, haya mawili ni ndugu? Daktari wangu wa neva anasema ni majirani waliopakana uani, ila nani kamzaa nani hakuna aliyethibitisha. Kuna vitu wanavyochangia. Serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, ni kimojawapo: tangu mwaka 1961 inajulikana kwamba baadhi ya watu wenye usonji wanayo nyingi kupita kawaida kwenye damu, na dawa za jamii ya triptani, zile za kuzima kipandauso, hufanya kazi kwa kushika baadhi ya vipokezi vya serotonini hiyohiyo. Cha pili ni kutozoea. Ubongo wa kawaida ukisikia mlio uleule kwa muda huupuuza. Ubongo wa mwenye kipandauso, hata siku ambazo hana shambulizi, huelekea kuupokea kila mara kama mgeni, na jambo linalofanana na hilo limeonekana kwa baadhi ya watu wenye usonji. Wenzangu ofisini wakiwasha kiyoyozi, baada ya dakika moja hawakisikii tena. Mimi nakisikia mpaka saa kumi na moja jioni.

Sasa miwani yenyewe. Kilichonifanya niisifu si kile nilichoinunulia.

Nilitaka ipunguze mashambulizi. Nimesoma utafiti wa Birmingham, Uingereza, wa mwaka 1991, ambapo watoto waliovaa lenzi hizi kwa miezi minne walishuka kutoka mashambulizi 6.2 kwa mwezi hadi 1.6. Mimi si mtoto na muujiza huo sikuuona. Daftari langu linasema hivi: miezi mitatu kabla ya kuivaa, siku 27 za kuumwa, miezi mitatu iliyopita, siku 19. Na hapo katikati nilianza kulala na kuamka saa zilezile kila siku, hata Jumapili, kwa hiyo siwezi kuipa miwani sifa zote nane.

Faida ninayoizungumzia ni nyingine. Zamani nikianza kukerwa na mwanga sikuwa na njia ya kujua anayenikera ni nani. Je, ni siku tu imenijaa: taa za tyubu, watu wanne wanaongea kwa pamoja, lebo ya shati inakwaruza shingo? Au ni kipandauso kinabisha hodi? Tiba zake hazifanani. Siku ikinijaa, nakaa chumba chenye giza nusu saa, sisemeshwi, narudi mzima. Kipandauso kinataka kidonge mapema. Ukikichelewesha hakifui dafu. Nami kuusoma mwili wangu ni mzito. Njaa huwa naijua mikono ikishaanza kutetemeka. Nilikuwa nakaa gizani nikisubiri kutulia, nikija kuzinduka upande wa kulia wa kichwa umeshawaka na nimeshaanza kutapika. Au kinyume chake: nameza dawa kwa kila kero, hadi nikapitisha siku 15 za vidonge vya maumivu kwa mwezi, na hapo dawa zenyewe zikawa zinaniumiza kichwa. Ikiwa umefika huko, usinunue miwani kwanza. Nenda na hesabu yako kwa daktari.

Miwani hii imeuondoa ule mzigo wa mwanga wa kila siku. Kwa hiyo nikiwa nimeivaa, na bado kioo cha kompyuta kinanichoma, najua si siku iliyojaa. Kuna kitu kinakuja. Alama hiyo nimeiandika mara 23, na mara 17 kichwa kilifuata ndani ya saa sita. Ikiandamana na miayo isiyokoma na shingo kukaza, siulizi tena, nachukua kidonge. Sikuiona faida hii kwenye tangazo lao hata kwa neno moja.

Kasoro zipo. Mikono ya fremu inabana panja, na mtu mwenye kipandauso ukimbana panja umemtendea uovu. Fundi wa miwani aliipasha moto akaipanua, ikawa afadhali, ila si nzuri. Vipande vya puani ni vya plastiki ngumu vinavyoteleza ukitoka jasho. Pembeni kuko wazi, kwa hiyo taa ikiwa ubavuni mwako inaingia kama mwenye nyumba.

Halafu rangi. Kazi yangu ni kuchora ramani za mabomba: maji safi kwa buluu, majitaka kwa kijani. Nikivaa hii, mabomba yote mawili yanakuwa ya kijivu kimoja. Jumanne moja nilituma mchoro ambao majitaka yalikuwa yameunganishwa kwenye tangi la kunywa. Mwenzangu aliuona kabla haujaenda mbali, na hajaacha kunitania. Siku hizi kila laini naiandikia herufi.

Nyongeza kwa wanaofikiri miwani ya jua ingetosha: niliivaa ndani ya nyumba miaka minne. Macho huizoea giza, na siku ukiivua hata mshumaa unakuwa adui. Hii ya FL-41 haitii giza kiasi hicho, ingawa usiku barabarani siivai.

Kuhusu watu, jiandae. Siku ya kwanza mlinzi wa getini aliniambia, "Mzee, naona leo umekuwa msanii." Nikamjibu hapana, ni lenzi za kuchuja nanomita 480. Amenyamaza tangu siku hiyo, jambo ambalo kwangu ni faida nyingine.

Nyota tatu na nusu. Nyingine imeondoka na fremu ile.

Nimeagiza ya pili, yenye mikono mipana. Niliwaandikia wauzaji nikawaomba waitume bila kipochi. Wamejibu kwa upole kwamba kipochi ni zawadi na hutumwa pamoja na miwani. Stoo bado ina nafasi.