Kuandika au video: vijana wa Kigoma tuwafundishe kipi kwanza?

Hapa Kigoma mjini mtu akitaka kuwafundisha vijana wausemee mtaa wao anakimbilia video, na mi namuelewa kabisa, simu kijana anayo, anapita Mwanga anarekodi mtaro umejaa taka, jioni klipu iko kwenye magrupu yote ya WhatsApp na hata bibi asiyejua kusoma kaielewa. Hiyo nguvu barua haina.

Ila barua inabaki. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inasema ukiomba taarifa kwa maandishi ofisi ya umma inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30, sasa kijana anayejua kuandika ombi lake vizuri, hela ya mtaro ni shingapi, nani kapewa kazi, inaisha lini, huyo ana kitu mkononi, mwenye klipu ana laiki tu. Afu kuandika kunamfanya aulize kabla hajamtuhumu mtu, maana kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kusambaza uongo ni kosa na klipu ya haraka inaponza jamani.

Bando nalo, video inalimaliza.

Mi ningeanza na kalamu wiki kadhaa, kamera ije baadaye, na anachosema kwenye video kitoke kwenye daftari lake.