Poda za Tamiya za kuchakaza ndege: nimezitumia kwenye Hurricane, haya ndo niliyoyaona

Wakuu habari zenu. Hurricane yangu, kijindege cha plastiki cha kuunganisha cha ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, nimeimaliza juzi usiku, ile ya kampuni ya Airfix skeli ya 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ndege yenyewe), toleo la Mk.I yenye kichujio kikubwa cha vumbi chini ya pua, na kwa kuwa washkaji watatu wameshaniuliza ule uchakavu nimeutoaje naona bora niandike kabisa kuhusu nilichotumia. Kazi kubwa ya mwisho imefanywa na poda za Tamiya, kampuni ya Japani ya vifaa vya vijindege, zinazoitwa Weathering Master, kwaiyo hizo ndo ntazikalia sana, alafu ntagusa na ile chupa yao ya kuchora mistari.

Kiboksi chenyewe ukikifungua utadhani umeshika kompakti ya dada yako. Vidonge vitatu vya rangi vimekaa kwenye kisahani, pembeni kuna kifimbo chenye brashi upande mmoja na sponji upande wa pili. Set A ni mchanga, mchanga mweupe na tope. Set B ni theluji, masizi na kutu. Set C ina kutu ya rangi ya chungwa, rangi ya chuma cha bunduki na silva. Set D ni bluu na nyekundu za chuma kilichoungua na moto, pamoja na doa la oili. Zipo na nyingine mbele yake ila mimi nina hizo nne. Sio kavu kama chaki iliyosagwa, ina kaunyevu fulani kama wanja, ndo mana ukisugua inashika na haimwagiki mezani.

Na kuna jambo moja kwetu huku ni kubwa kuliko rangi zenyewe: hazina kimiminika. Wanaoagiza vitu nje wanajua mateso ya tina, rangi za enameli na makopo ya spre, vyote vinawaka moto na posta ya ndege haivitaki. Poda inapita. Zangu zimekuja kwenye begi la binamu yangu aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza, hakuulizwa chochote.

Sasa kabla sijafika kwenye poda niseme rangi ya chini, mana poda haiokoi rangi mbovu. Nimepiga XF-52 na XF-81 za Tamiya, yani kahawia ya udongo na kijani kilichokolea cha RAF (jeshi la anga la Uingereza), nimezilainisha kwa X-20A ambayo ni tina yao, na kupuliza kwa spregani ndogo na kompresa, tabaka jembamba jembamba. Kila rangi niliitia tone la XF-57, rangi ya njano iliyopauka, ili ipauke kidogo, kwa sababu kijindege cha sentimita ishirini na kitu ukikipaka rangi ile ile ya ndege kubwa kinaonekana cheusi kupita kiasi. Alafu katikati ya kila bati nikapita tena na rangi iliyopauka zaidi, kama jua lilivyoila. Juu yake X-22, vanishi ya kung'aa, stika za maji, X-22 tena. Hapo ndo unaruhusiwa kuanza kuchafua.

Na hapa nataka tuelewane vizuri mana ndo kitu ninachokiona kinaharibiwa kila siku kwenye mapicha ya watu. Hurricane haikuwa ndege ya bati zima. Pua na sehemu ya kati zimefunikwa mabati, lakini kuanzia nyuma ya rubani kwenda mkiani ni mifupa ya mabomba ya chuma, mbavu za mbao juu yake, na kitambaa kilichovutwa kikapakwa dawa ya kukikaza. Kitambaa! Kwaiyo ukichukua silva ya Set C ukaanza kudonadona michubuko nyuma kule kwenye mkia, umechubua kitambaa ukakuta chuma, kitu ambacho hakiwezekani. Mabawa nayo, za mwanzo zilikuwa na mabawa ya kitambaa kabla hawajahamia ya bati, boksi la Airfix linakupa ya bati kwaiyo hapo uko salama kuchubua. Hata panga za propela mbele uangalie, za kampuni ya de Havilland zilikuwa za chuma, za kampuni ya Rotol nyingi zilikuwa za mbao iliyobanwa, na mbao haitoi silva hata uipige mchanga mwezi mzima.

Mi silva nimeiweka sehemu chache sana na kila sehemu ina mtu wake. Rubani wa Hurricane alikuwa anapanda kwa upande wa kushoto, kuna ngazi ya kukunja na mahali pa kushika mkono, anakanyaga shina la bawa anaingia. Kwaiyo shina la bawa la kushoto limechubuka zaidi ya la kulia. Vifuniko vya bunduki juu ya mabawa vimechubuka kwenye kingo, mana mafundi wa silaha walikuwa wanavifungua na kuvifunga kila ndege ikirudi. Mabati ya injini pembeni mwa skrubu, hivyo hivyo. Kwa michubuko midogo sponji la kwenye boksi ni kubwa, mi nakata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo kama punje ya mahindi, nakishika kwa kibanio, naigusisha kwenye kidonge, nafuta nusu kwenye karatasi, ndo naigusa ndege. Gusa uache, usisugue.

Kabla ya hapo lakini ilipita ile chupa, Panel Line Accent Color. Ni enameli iliyokwisha kulainishwa, chupa ya mililita 40, brashi nyembamba imo kwenye kifuniko chenyewe. Unaitikisa, unagusisha ncha kwenye mfereji wa maungio ya mabati na rangi inakimbia yenyewe kwenye mstari, kuiangalia tu inafurahisha. Unaacha kama nusu saa, kisha unafuta ziada kwa kijiti cha pamba kilichonyonya tina ya enameli kidogo, na unafuta kufuata upepo, kutoka pua kwenda mkia, ili hata uchafu unaobaki uwe umelala kama hewa ilivyoulaza. Ukikosa tina ya enameli, waiti spiriti ya duka la rangi za nyumba inafanya kazi, mafuta ya taa usijaribu, yanaacha utelezi hayakauki vizuri. Nimetumia ya kahawia iliyokolea, sio nyeusi. Nyeusi kwenye ndege ya rangi za udongo inatoa mistari kama ya daftari la hesabu. Na nyuma kule kwenye kitambaa sikuichora mistari kabisa, hakuna mabati ya kuungana kule, niliilainisha zaidi nikaiacha itulie katikati ya mbavu basi.

Angalizo la hizi enameli zote, za kampuni yoyote: msiziache zigande kwenye plastiki tupu isiyo na rangi wala vanishi, haswa pale vipande vilipobanwa kwa nguvu. Tina inapenya na plastiki inapasuka. Mimi nilipasuliwa mguu wa tairi kwenye ndege ya kabla ya hii, na chupa niliyotumia siku ile wala haikuwa hii, ilikuwa ya bei rahisi niliyonunua mtandaoni ikaja nusu imekauka, muuzaji hakujibu meseji hata moja. Iliniuma sana mana ile ndege nilikuwa nimeikalia miezi miwili.

Haya, masizi. Hurricane Mk.I ina bunduki 8, nne kila bawa, na midomo yake walikuwa wanaiziba na vipande vya kitambaa chekundu ili vumbi na unyevu visiingie, risasi za kwanza ndo zinavitoboa. Sasa amua ndege yako imetoka kazini au inaenda kazini. Kama vitambaa vyekundu ni vizima hauna haki ya kuweka masizi ya baruti nyuma yake. Yangu imetoka kazini, nimevichana vile vyekundu kwa kupaka tundu jeusi katikati, kisha masizi ya Set B kwa brashi, nimevuta kuelekea nyuma chini ya bawa, mwanzoni meusi mwishoni yanapotea. Hapa ndo hizi poda zinapowashinda wenzake wote niliowahi kutumia, mana ukizidisha unachukua kijiti cha pamba chenye unyevu unafuta unaanza upya. Spregani ukizidisha imekula kwako.

Ekzosi za Merlin, yani mabomba ya moshi ya injini ya hii ndege, nimezipa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, jioni nzima. Doa la ekzosi sio jeusi moja kwa moja. Nilianza na kutu ya Set B, pana na hafifu, ikalala ubavuni mpaka juu ya shina la bawa, alafu masizi membamba katikati yake, alafu mwisho kabisa mchanga mweupe wa Set A kidogo sana juu ya masizi, kwa sababu injini ikila mafuta kwa kubana moshi unaacha majivu yaliyopauka. Ukitazama kwa karibu unaona tabaka tatu, ukirudi nyuma hatua mbili unaona moshi. Doa la oili la Set D likaenda tumboni, nyuma ya injini, mstari mmoja mrefu na miwili mifupi.

Vumbi sasa. Ndege hii nimeitengeneza nikiwa na vita vya huku kwetu kichwani, 1940 na 1941, Hurricane za skwadroni namba 3 ya Afrika Kusini zilizofanya kazi kutoka Kenya kisha zikasogea na jeshi kupitia Somalia mpaka Ethiopia. Kule ndo rubani John Frost alipotunguliwa tarehe 15 Machi 1941 akatua karibu na uwanja wa adui Diredawa, na mwenzake Kershaw akashuka na Hurricane yake mbele ya macho ya Waitalia akamchukua, wakabanana wawili kwenye kiti cha mtu mmoja wakaruka. Kila nikiishika hii ndege naangalia kile chumba cha rubani kilivyo chembamba nashindwa kuelewa waliingiaje.

Kwaiyo nilitaka udongo wa Afrika. Mchanga wa Set A ni wa jangwa, wa njano njano, ni mzuri ila kwa vumbi jekundu peke yake hautoshi. Nikachanganya: tope la Set A kwanza kwenye matairi na tumbo, juu yake kutu ya chungwa ya Set C kidogo, na mwisho udongo wenyewe mwekundu niliotumiwa kutoka Moshi, nimeuchekecha kwenye soksi ya nailoni mpaka ukawa laini kama unga wa dona uliosagwa mara mbili. Poda ya Tamiya ikawa kama gundi, ule udongo ukashika juu yake. Nikaweka kwenye matairi, kwenye milango ya matairi, na juu ya mabawa pale tu watu wanapokanyaga. Sikuweka kila mahali mana ndege ikiruka upepo unafagia, vumbi linabaki pale lilipojificha.

Jambo la kuzingatia na poda zote za aina hii ni vanishi. Ukipuliza vanishi juu ya poda sehemu kubwa inamezwa, ile kazi yote ya ekzosi inafifia. Mi napiga vanishi ya kuondoa mng'ao KABLA, nasubiri siku nzima, ndo naweka poda na siipulizii kitu tena. Uso usiong'aa unashika poda, kwenye unaong'aa poda inateleza. Baada ya hapo ndege inashikwa kwa matairi na ncha za panga tu, na watoto waambiwe mapema. Na nyie wenzangu wa Dar, vanishi ya tina msipige jioni ya masika. Hewa ikiwa na maji mengi inaganda na ukungu mweupe, rangi yote inaonekana kama imemwagiwa maziwa. Mi napiga saa nne asubuhi jua limeshakausha hewa, dirisha wazi, barakoa usoni.

Kwa anayeanza, asinunue zote. Set B kwanza, masizi yake peke yake yanalipa boksi zima, theluji ya humo nimeitumia kupausha kijani juu ya mabawa na ikakaa vizuri tu. Ya pili Set A. C ni ya yule ambaye ndege yake ina bati la kuchubua kweli. Kidonge kimoja kinakaa muda, masizi yangu nimeshayatumia kwenye ndege tano na ndo kwanza katikati kumeanza kuingia shimo.

Set D nimegusa doa la oili tu. Ile bluu ya chuma kilichoungua naitunza kwa ajili ya ekzosi ya MiG-21, ndege ya kivita ya jeti ya Kisovieti, ambayo boksi lake liko juu ya kabati linanisubiri, nikiianza ntaweka picha.