Wiki 8 za kufuli ya mguu ya ukoo wa Fadda: uzoefu wangu

Kwanza ujue unacholipia. Ni kozi ya jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukamatana na kufungana viungo: wiki 8, vipindi 2 kwa wiki, dakika 90 kila kipindi, na kazi yote ni kufuli moja, yaani mbinu ya kubana kiungo hadi mpinzani akubali kushindwa: ile ya kunyoosha kifundo cha mguu. Hukabi shingo, hutupi mtu. Anayetaka jiu-jitsu nzima atachoka wiki ya pili.

Mwalimu ni wa ukoo wa Oswaldo Fadda, yaani mstari wa walimu na wanafunzi wao, si wa damu, na hapo ndipo nilipovutika. Fadda alizaliwa 1921 Bento Ribeiro, kitongoji cha kaskazini mwa Rio de Janeiro, mbali na fukwe za wenye nazo. Alifundishwa na Luiz França, na França alikuwa mwanafunzi wa Mitsuyo Maeda, mwanajudo wa Kijapani aliyefika Brazili mwaka 1914 na kuweka makazi Belém. Kwa hiyo mstari huu unamfikia Maeda bila kupita kwa akina Gracie, familia maarufu kuliko zote katika jiu-jitsu ya Brazili. Januari 1950 Fadda alifungua akademia yake hukohuko Bento Ribeiro, na asiye na kitu alifundishwa bure. Katikati ya miaka ya 1950 akawarushia akina Gracie changamoto gazetini. Vijana wake wakapambana ndani ya akademia ya Gracie yenyewe na kutoka na ushindi, silaha yao kubwa ikiwa kufuli za miguu. Waliopenda kudharau mchezo huo waliuita wa mafundi viatu. Hélio Gracie baadaye alikubali kwamba Fadda ametosha kuonyesha jiu-jitsu si haki ya familia moja.

Historia hii hapa inapewa robo saa siku ya kwanza, kisha basi, na kijitabu cha mafunzo kinaruka kutoka kwa Maeda hadi kwa Fadda kana kwamba França hakuwapo. Kwa watu wanaouza jina la ukoo, huo ni uzembe.

Mazoezi yenyewe ni mazuri, tena sana, kwa sababu moja: wiki 3 za mwanzo hushiki mguu wa mtu kwa mikono. Unafundishwa kuufunga kwa magoti na nyonga tu. Mwenzako amesimama, wewe umekaa chini yake. Mguu wako wa nje unauzunguka wake na unyayo unatua kwenye nyonga yake ya upande huohuo. Mguu wa ndani unapita katikati ya miguu yake na kunasa nyuma ya paja. Magoti yako yanalibana goti lake kama koleo, na makalio yako yanasogea hadi hakuna nafasi ya kupitisha ngumi. Zoezi ni kwamba yeye anavuta mguu utoke kwa dakika 2, nawe mikono umeikunja kifuani. Goti lake likishavuka magoti yako, mguu umekwenda. Usiukimbilie, anza upya. Wengi wanaolalamika kwamba kufuli hii haifanyi kazi kwa watu wenye nguvu wamelikosa hili, wala si mshiko.

Mshiko unaingia wiki ya 4. Mguu wake unapita chini ya kwapa lako, mgongo wa unyayo ukiegemea nyuma ya kwapa. Kinachouma ni ule ukingo wa mkono karibu na kifundo cha mkono, mfupa wa upande wa kidole gumba. Uuweke chini ya kano ya kisigino, vidole 2 au 3 juu ya kisigino chenyewe. Ukipanda juu zaidi unaminya shavu la mguu: mtu atakunja uso, pengine hata atagonga (kupiga mkono kuashiria ameshindwa), lakini kifundo hakijaguswa, na mwenye uvumilivu atakucheka. Ukishuka mno, kisigino kinateleza na unabaki umekumbatia hewa. Kiwiko chako kirudi nyuma kigandane na mbavu. Ngumi iguse kifua, mkono wa pili uufunge wa kwanza. Ukiwa na gi, lile vazi zito la mazoezi, kushika ukosi wako mwenyewe kunaokoa nguvu nyingi.

Kisha bega linarudi nyuma juu ya vidole vyake, ili unyayo uelekee chini kabla hujatia nguvu yoyote. Hatua hii ndogo ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, nami naihesabu kuwa nusu ya kufuli. Baada ya hapo unalala kwa ubavu, hulali chali. Ukilala chali yeye anakuja juu yako, anakamata ukosi, na sasa wewe ndiye uliye chini. Ukiwa ubavuni, nyonga inasukuma mbele, mgongo unapinda, macho yanatazama nyuma yako. Mikono haivuti kitu, inashikilia tu. Mikono ikichoka kabla ya nyonga, umekosea.

Kuhusu kanuni, mwalimu alikuwa makini kuliko nilivyotarajia. Chini ya IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Kibrazili, kufuli hii inaruhusiwa kuanzia mkanda mweupe, kwa waliofikisha umri wa miaka 16. Lakini unyayo ule wa kwenye nyonga ukivuka mstari wa kati wa mwili wa mpinzani na kulisukuma goti lake kuelekea ndani, ni kosa, na ukiwa na gi unatolewa. Vilevile huruhusiwi kugeukia upande wa mguu ambao hujaufunga. Kufuli ya kuzungusha kisigino haikubaliwi kabisa kwenye gi. Bila gi ni ya watu wazima wa mkanda wa kahawia na mweusi tu, na imeruhusiwa tangu 2021. Tofauti ni ya maana: ile ya kunyoosha inavuta kano za mbele na za nje za kifundo na maumivu yake huja mapema, ya kuzungusha inapeleka nguvu gotini na unaweza kuumia kabla hujasikia kitu.

Dosari kubwa ni mpangilio. Kujinasua kunafundishwa wiki ya 7, ilhali mapambano ya mazoezi yanaanza ya 6. Wiki nzima watu wanafungwa bila kujua la kufanya zaidi ya kupapatika, na kupapatika ndiko kunakoumiza vifundo. Ulizia mapema na ujifunze hili walau: vuta vidole vya mguu kuelekea ugokoni, kisha sukuma unyayo mbele kupitia kwapa lake kama anayevaa buti la mvua, wakati huohuo vunja mshiko wa mkono wake wa juu, panda juu yake ukielemea kifua. Ukivuta mguu nyuma kwa pupa unamsaidia kukaza.

Jambo la pili: walinipanga mara nyingi na watu wenye kilo 20 zaidi au pungufu. Kwa hatua ya nyonga na magoti hiyo si shida, kwa kukaza ni shida. Dai mwenzako wa uzito wako kuanzia wiki ya 4, na mkubaliane kuhesabu hadi 3 mnapokaza. Mikono ikiwa imenaswa, kugonga kwa mdomo ni halali: sema "gonga" kwa sauti.

Wiki 4 za kwanza fanyeni na gi. Suruali ya gi inashika na mguu hautelezi, kwa hiyo unajua kama kosa ni lako. Ukianza bila gi, jasho litafanya kila kitu kiteleze na hutajua uliposhindwa. Kata kucha za miguu, maana unyayo wako unakaa kwenye nyonga ya mtu dakika nyingi.

Namshauri mwenye miezi 6 na zaidi mkekani, anayejua kukaa chini bila hofu ya mpinzani kuipita miguu yake na kumlalia. Asiye na hiyo asubiri. Wiki zile 3 za magoti zitamchosha tu. Mwenye kifundo kilichoteguka karibuni asijiandikishe hata kama anasema kimepona, kwani wiki ya 5 pekee kila mtu anafungwa mara 30 hivi kwa kipindi.